Kanda alizoacha baba: fedha iende kwenye deki kabla ya kompyuta

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi: “Fundi, shikamoo. Marehemu baba ametuachia sanduku la kanda, zinapata sitini. Nyingine ni taarabu alizozinasa kutoka Sauti ya Tanzania Zanzibar, nyingine harusi za ukoo wetu, na chache ni salamu alizokuwa akipelekeana na ami yangu aliyekuwa Maskati. Nina laptopu, na mtandaoni nimeona kijimashine cha kuchezea kanda chenye waya wa USB, bei yake nafuu. Nikinunue? Na nianzie wapi?”

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Kijimashine hicho usikinunue. Fedha hiyo iongeze kidogo, utafute deki, yaani mashine kamili ya mezani ya kuchezea kanda, ya zamani iliyo nzima, kisha umpe fundi aitengeneze. Laptopu uliyonayo inatosha hata kama imechakaa. Wengi wanaoanza kazi hii huhangaika na programu na ukubwa wa mafaili, kumbe sauti imeshaharibika kabla haijafika kwenye kompyuta, pale utepe unapopita mbele ya hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma sauti. Kilichopotea pale hakuna programu ya kukirudisha.

Acha nikueleze kinachotokea mle ndani, maana ukikifahamu hutakuwa na haja ya kukariri maelekezo yangu. Kaseti, kwa kipimo walichokitoa Philips mwaka 1963, ina utepe wenye upana wa milimita 3.81 tu. Katika upana huo zimepangwa njia nne za sauti, mbili za upande wa kwanza na mbili za upande wa pili, kila moja kama milimita 0.6. Utepe unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo mdogo mno. Sasa chukua mlio mwembamba wa hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde: wimbi lake moja juu ya utepe halifiki hata sehemu tano za elfu za milimita. Hedi ikikaa upogo kidogo tu, usioonekana kwa macho, mawimbi hayo mafupi yanafutana yenyewe kwa yenyewe na sauti inakuja imeziba, utadhani mwimbaji amefunikwa blanketi. Mtu husema “kanda imezeeka”. Mara nyingi kanda ni nzima, hedi ndiyo iliyokaa vibaya.

Vile vijimashine vya USB vingi vimejengwa juu ya chombo cha ndani cha aina moja ya bei rahisi. Gurudumu lake la kushika mwendo ni jepesi, kwa hiyo sauti inayumba. Sikiliza fidla ikivuta noti ndefu utaisikia inatetemeka pasipo mpigaji kutaka. Vingine huchanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja. Na vingi havikupi nafasi ya kuifikia skrubu ya hedi, jambo ambalo kwa kanda zako ni kubwa kuliko yote.

Deki utaipata kwa wauzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika, Chake Chake au Unguja upande wa Darajani na Mlandege. Jina la kampuni lisikusumbue sana. Tazama nyuma iwe na matundu mawili, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa LINE OUT. Tia kanda isiyo na thamani, ipeleke mbele, irudishe, icheze, usikilize kama inakwaruza. Kisha mpe fundi abadilishe belti, kwa sababu mpira wa ndani katika joto letu hulegea au huyeyuka ukawa kama lami. Aangalie pia ile rola ya mpira inayobana utepe. Ikiwa ngumu na inang'aa, nayo ibadilishwe. Hedi isafishwe kwa vijiti vya pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa dukani usiitumie bila kusoma chupa, kwani nyingine zimetiwa mafuta, na mafuta ndiyo adui wa hedi na wa rola. Usafi huu urudie kila baada ya kanda chache. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia ujue ni unga wa utepe, hujaharibu kitu.

Kabla hujacheza kanda hata moja, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kila kanda, ukingo ulio mkabala na ule unaoonyesha utepe. Vikishavunjika mashine haikubali kurekodi juu yake. Kidole kikiteleza kwenye kitufe chekundu ni sekunde chache tu kufuta sauti ya mzee.

Halafu zipange. Zile za taarabu alizonunua dukani, kama zipo, ziwe za mwisho, maana wengine wanazo. Za redio ziwe za katikati. Baadhi ya vipindi alivyovinasa huenda kwako ndiko vilikobaki. Za kwanza kabisa ni harusi na zile salamu za Maskati. Sauti ya Siti binti Saad tunayo mpaka leo kwa sababu aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zake zilipigwa nakala nyingi zikauzwa pwani yote. Harusi ya shangazi yako ina nakala moja duniani, nayo imo ndani ya sanduku hilo.

Katika kuzipanga, ziinue moja moja kwenye mwanga uchungulie dirisha dogo la kanda. Ukiona vumbi jeupe au madoadoa kwenye ukingo wa utepe uliojiviringa, hiyo ni kuvu, na kanda hiyo usiicheze. Ukiicheza itachafua hedi na utaipelekea kuvu kila kanda itakayofuata. Itenge, itie kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu na dawa, vingi na vikavu, uiache wiki kadhaa. Jua usilitumie, wala jiko. Vaa barakoa unapoishika. Kazi yote ya kanda zenye kuvu ingojee kusi, kuanzia Juni, hewa ikiwa imepungua unyevu. Masika si wakati wake.

Kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, mara moja, ili utepe ujipange upya. Utepe ukiwa umelegea, kaza kwanza kwa kalamu ya biki, taratibu. Ukisikia sauti hafifu ya upande mmoja, tazama kile kipande kidogo cha sufu katikati ya mdomo wa kanda, kinachousukuma utepe uegemee hedi. Gundi yake hukauka kikadondoka. Dawa yake ni kufungua kanda (nyingi zina skrubu tano) na kuuhamishia utepe kwenye ganda la kanda nyingine nzima. Utepe uliokatika uungwe kwa gundi-tepu maalumu ya kanda. Selotepu ya ofisini hutoa ute kwenye joto na kuganda kwenye tabaka la pili.

Tukija kwenye skrubu ya hedi, hapa ndipo nataka ukae zaidi. Ukifungua mlango wa deki na kuuvua ule ubao wa mbele, utaona hedi ina skrubu mbili pembeni, moja kati yake ikiwa na springi chini. Hiyo yenye springi ndiyo inayolaza au kuinua hedi. Kila redio kaseti iliyorekodi harusi zenu ilikuwa na hedi iliyokaa kwa namna yake, kwa hiyo kila kanda inataka kurekebishiwa upya. Washa kanda, vaa hedifoni, geuza sauti iwe mono (kushoto na kulia pamoja), kisha zungusha skrubu kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, ukisikiliza. Katika taarabu zetu una msaada ambao wenye muziki mwingine hawana: visahani vya rika, lile dufu dogo lenye visahani vya chuma ukingoni. Msikilize mpigaji rika. Hedi ikiwa upogo, utasikia kishindo cha mkono kwenye ngozi tu. Ukikaribia mahali penyewe, vile visahani vinaanza kuchomoza, kisha vinakuwa vikali na kila kimoja unakisikia peke yake. Ukipitiliza vinazama tena. Rudi pale vilipokuwa vikali kabisa, uache. Kama ni kanda ya salamu isiyo na muziki, sikiliza “s” na “sh” za msemaji. Bisibisi iwe ndogo na isiyo na sumaku.

Nimewaona watu wakisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyetaka tena kuambiwa habari za programu za kusafisha sauti.

Jambo la pili ni mwendo. Belti mpya na mota nzima zitaiweka deki karibu na mwendo sahihi, lakini je, chombo kilichorekodi kilikuwa na mwendo sahihi? Kwa kanda za harusi mara nyingi jibu ni la. Redio kaseti iliyokuwa ikitumia betri huzidi kwenda polepole kadiri betri zinavyokwisha. Ukiicheza kanda hiyo kwenye mashine yenye mwendo sawa, sauti inapanda: mwanzo wa harusi waimbaji ni watu wazima, kufika mwisho wamekuwa kama watoto. Ukisikia hivyo usiilaumu deki yako.

Njia nzuri ya kupima ni akodiani. Fidla na udi hukazwa kwa sikio la mpigaji, siku hiyo juu, siku nyingine chini, lakini akodiani hupigwa kwa ndimi za chuma ambazo sauti yake haihami kirahisi. Tafuta mahali akodiani inaposhika noti moja, washa kwenye simu programu ya kupimia noti, utazame. Noti ikianguka katikati ya noti mbili, una mwendo usio sawa; nusu ya nusu-toni ni kama asilimia 3. Kama hakuna akodiani, tazama mvumo wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na chombo kilichorekodi kikiwa kimechomekwa ukutani huacha mvumo mdogo wa hezi 50 na wenzake wa 100 na 150 chini ya sauti. Chagua kipande kimya cha kanda, uchore masafa yake kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti. Kilele kikitokea kwenye hezi 48, kanda inakwenda polepole kwa asilimia 4. Kwanza lakini rekodi kidogo kanda ikiwa imesimama, ili uujue mvumo wa deki yako mwenyewe, ambao utabaki 50 siku zote. Na kwa Pemba kuna tahadhari: kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na jenereta likielemewa mzunguko wake unashuka. Mvumo huo uchukue kama dalili, akodiani ndiyo shahidi. Marekebisho yote ya mwendo yafanye kwenye nakala, faili la asili libaki kama lilivyotoka kwenye kanda.

Kuunganisha si kazi. Kutoka LINE OUT ya deki waya uende kwenye kadi ya sauti ya nje ya USB, kisha laptopu. Kidude kidogo kama Behringer UCA202 kina matundu mekundu na meupe yanayopokea waya huo moja kwa moja, nacho hurekodi biti 16 kwa kilohezi 48. Ukipata kadi ya biti 24, bora zaidi, kwa sababu inakupa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini bila hofu. Tundu la maikrofoni la laptopu liache. Mara nyingi ni la mono na lina kelele zake. Audacity ni ya bure. Iweke stirio, kilohezi 48, na sauti kubwa kabisa ya kanda isipande juu ya desibeli 6 chini ya sifuri. Vigelegele vya harusi vitakushtukiza, kwa hiyo tafuta kwanza mahali penye vigelegele ndipo upange kiwango.

Kwenye deki, kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza mchuo wa kanda, kizime, isipokuwa mzee ameandika kwenye jalada kwamba alikitumia. Simu iweke mbali au uizime mtandao, la sivyo utasikia ule mlio wa vipande vipande unaoingia kabla ya simu kuita. Ukisikia mvumo mzito, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Mara nyingi unaondoka papo hapo. Umeme ukikatika kanda ikiwa inacheza, usiiache ndani ukingoje urudi. Bonyeza stop, itoe, maana utepe uliobanwa na rola kwa saa kadhaa hupata alama itakayosikika kila ukicheza.

Kanda sitini za dakika 90 ni saa 90 za kusikiliza, hakuna njia ya mkato, na sikuhimizi uitafute. Kwa biti 24 na kilohezi 48, saa moja ya stirio ni GB 1 na kidogo, kwa hiyo sanduku zima halifiki GB 100. Ukiyahifadhi mafaili kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, yatapungua sana bila kupoteza kitu. MP3 tengeneza za kupelekea watu kwenye simu tu.

Utaona vishawishi vya kuondoa ule mchuo wa kanda, “shhh” iliyo chini ya muziki. Mimi siupendi mtindo huo. Programu haijui tofauti ya mchuo na pumzi ya mpiga nai (filimbi), wala tofauti ya mchuo na mkwaruzo wa upinde juu ya fidla. Vyote huviondoa kwa pamoja, na kinachobaki kina mlio wa maji maji. Sikio la binadamu huuzoea mchuo baada ya dakika mbili. Ukilazimika, fanya kidogo, kwenye nakala, kwa zile salamu ambazo maneno hayashikiki.

Mafaili yawe na nakala tatu: diski mbili za nje, na moja ikae nje ya nyumba, Unguja kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi usiitegemee, hasa hizi zinazouzwa zimeandikwa uwezo mkubwa usiokuwemo. Kanda zenyewe usizitupe. Zisimamishe wima kwenye sanduku linalofunga, pakavu, mbali na spika.

Piga picha kila kanda, pande zote mbili, na karatasi ya jalada lake yenye mwandiko wa baba. Jina la faili liwe na namba ya kanda, upande, mahali na mwaka kama unajulikana. Kisha chukua laptopu umwendee shangazi na wazee waliobaki, mcheze pamoja, na simu yako irekodi mazungumzo. Watakwambia nani anaimba, nani yupo kwenye dumbaki, harusi ilikuwa Wete au Kojani, na bibi harusi ni mama wa nani. Programu haziwezi kukwambia hayo, na kanda haitaharibika haraka kuliko kumbukumbu ya mtu wa miaka themanini. Ikiwa nafasi yako ni ndogo, ziara hii itangulie hata kabla ya kununua deki, kwa kutumia redio kaseti yoyote inayocheza.

Mwisho ni kuhusu kusambaza. Taarabu za vikundi zina wenyewe, na Zanzibar ina sheria ya hakimiliki na ofisi yake, COSOZA. Kusikiliza nyumbani na kuhifadhi ni jambo moja, kuzipandisha mtandaoni ni jingine. La harusi ni zito zaidi. Kinamama walioimba ndani siku ile waliimba mbele ya wenzao, wakijua wanaume hawapo na kwamba kinasa sauti ni cha nyumbani. Wengine wako hai. Faili likishaingia kwenye makundi ya WhatsApp haliitwi likarudi. Sehemu hizo zitie kwenye folda ya peke yake, usimpe mtu nakala mpaka shangazi yako na wenzake wazisikilize, na wao waseme ipi itoke na ipi ibaki ndani.